Meno ya mstaafu wa serikali ya Marekani: maswali yenu

Tangu niandike kuhusu pensheni ya wafanyakazi wa serikali kuu ya Marekani, barua nyingi zilizokuja zinauliza habari za meno. Nimechagua sita. Bima inayoulizwa ni FEDVIP, mpango wa meno na macho ulioanza mwishoni mwa 2006.

Mimi ni muuguzi katika hospitali ya wanajeshi wastaafu, nina miaka 63 na utumishi wa miaka 9. Bima ya meno sijawahi kuwa nayo. Nastaafu Machi. Mwenzangu ananiambia nimeshachelewa, eti lazima uwe nayo miaka 5 kwanza. Ni kweli? (Maryland)

Mwenzako amechanganya bima mbili. Sharti la miaka 5 ni la bima ya afya, FEHB: lazima uwe umekuwa ndani yake miaka 5 mfululizo kabla ya kustaafu, la sivyo huondoki nayo. FEDVIP haina sharti hilo. Hata aliyestaafu bila kuwa nayo siku moja anaweza kujiunga baadaye, na hata bila kuwa na FEHB.

Lakini sikiliza hapa, dada. Kustaafu peke yake hakukufungulii mlango. Ukiondoka Machi bila FEDVIP, utangoja msimu wa kujiandikisha, unaoanza Novemba na kufungwa Desemba, na bima ianze kazi tarehe 1 Januari. Hiyo ni miezi tisa na zaidi, na jino halijui kalenda ya serikali. Kama msimu huu haujapita, jiandikishe ungali kazini. Ukistaafu, bima inakufuata yenyewe.

Jambo moja huwapata wengi: pensheni ikiwa bado inashughulikiwa, ada huenda isikatwe, na BENEFEDS, wanaosimamia makato, wakakutumia bili nyumbani. Usiitupe ukidhani ni tangazo. Usipolipa unaondolewa, na kurudi ni mpaka msimu ujao.

Serikali inanilipia sehemu kubwa ya bima ya afya. Kwenye meno inachangia kiasi gani? (Texas)

Sifuri. Ada yote ni yako, kazini na baada ya kazi. Tofauti ni kwamba ukiwa kazini inakatwa kabla ya kodi, na ukistaafu inakatwa kwenye pensheni baada ya kodi. Ile akaunti ya kuweka fedha za matibabu bila kodi nayo inakoma siku unayostaafu, kwa hiyo kama una jino la kuvishwa kofia, livishe mapema.

Ndiyo maana simwambii kila mtu ajiunge. Chukua karatasi: ada ya mwaka upande mmoja, kazi unazotarajia upande wa pili, na uangalie kiwango cha juu ambacho mpango utalipa kwa mwaka. Mwenye meno mazima anayesafishwa mara mbili kwa mwaka anaweza kukuta analipa zaidi ya anachopata. Mwenye mizizi ya kutibiwa na meno ya bandia mbele yake, hesabu yake ni nyingine. Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, kwa kawaida haigusi huduma hizi za meno, kwa hiyo usiitegemee.

Niliacha kazi ya serikali nikiwa na miaka 45, baada ya utumishi wa miaka 12. Pensheni nitaanza kuichukua nikifika 62. Je, bima ya meno nitaipata hapo? (Ohio)

Hapana, kaka, na hili ndilo jibu nisilopenda kuliandika. Uliondoka kabla ya umri wa kustaafu, na pensheni yako imeahirishwa kisheria. Wa kundi lako hawaruhusiwi FEDVIP hata pensheni ikianza kuingia.

Usijifananishe na aliyeondoka akiwa amefika umri wa chini wa kustaafu, ambao ni kati ya 55 na 57 kutegemea mwaka aliozaliwa, akiwa na utumishi wa miaka 10 au zaidi, kisha akachagua mwenyewe kuchelewesha pensheni ili isipunguzwe. Huyo, pensheni yake ikianza, mlango anao. Kwa nje mnafanana, wote mnangoja pensheni, ila tarehe mliyoondoka ndiyo inayowatenganisha. Anayesoma hapa akiwa na miaka 54 na barua ya kuacha kazi mfukoni, aisome tena aya hii.

Mume wangu, mstaafu wa posta, amefariki. Bima yake ya meno ilinihusu mimi na binti yetu wa miaka 20. Tunabaki nayo? (Minnesota)

Pole sana, mama. Kama aliacha pensheni ya mjane kwa jina lako, unaendelea. Kama hakuacha, haki hiyo inaondoka. Binti yumo mpaka afike 22, mradi hajaolewa. Posta ilibadilishiwa bima ya afya Januari 2025, lakini ya meno ilibaki hii hii.

Nilifundisha shule ya kaunti miaka 25. Nami nimo? (Virginia)

Humo. FEDVIP ni ya serikali kuu. Uliza mfuko wako wa pensheni wa jimbo. Wastaafu wa jeshi wamo, tangu 2019.

Nikistaafu narudi Mombasa. Bima ya meno nitaiacha Marekani? (New Jersey)

Unaweza kuja nayo. Mipango ya nchi nzima inahudumia pia walioko nje, ila ya eneo moja tu haitakufaa. Badilisha anwani, kwa sababu ada hufuata unapoishi. Jitayarishe kumlipa daktari wa Mombasa mwenyewe, kisha udai. Mwombe stakabadhi inayotaja kila jino na kazi iliyofanyika. Ile ya kuandikwa tu «matibabu» itakurudia.