Ukitafuta nyumba Passau, ulizia maji kwanza

Vijana wa Afrika Mashariki wanaokuja kusoma Passau huniuliza kodi ni kiasi gani. Mimi huwarudishia swali: hicho chumba kiko mtaa gani, na ghorofa ya ngapi? Mji huu wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, wenye watu kama 50,000, umebanwa na mito mitatu, Danube, Inn na Ilz, inayokutana hapohapo mjini. Ndiyo uzuri wake, na ndiyo taabu yake. Juni 2013 Danube ilipanda hadi mita 12.89, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa tangu 1501. Ukifika, nenda kwenye ukumbi wa mji, ukingoni mwa Danube, usome alama za mafuriko zilizochorwa kwenye ukuta wa mnara. Ile ya 2013 utaisoma ukiwa umeinua shingo.

Mji mkongwe umekaa kwenye ulimi wa ardhi kati ya Danube na Inn. Sehemu za juu, upande wa kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, si sawa hata kidogo na vichochoro vinavyoshukia mtoni, ingawa tangazo la nyumba litaviita vyote "katikati ya mji". Kwa hiyo tembea mwenyewe kutoka mtoni hadi mlangoni, uone umepanda kiasi gani.

Ukiingia ndani, usiamini rangi. Chumba kimoja nilichokwenda kukiona kilikuwa cha chini kabisa, karibu na Danube, ukuta mweupe bado unanukia rangi. Niliomba tusogeze kabati. Nyuma yake lipu ilikuwa imevimba, na nilipopitisha kidole ikamwagika unga mweupe, ile chumvi inayoachwa na unyevu. Nikashukuru, nikaaga. Nyumba kongwe zina kuta nene zinazochukua muda mrefu kukauka, na humo ndani ukungu humea haraka ukizoea kufunga madirisha kwa kuogopa baridi. Hata kwenye chumba kizuri, majira ya baridi fungua madirisha wazi kabisa kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku, kisha ufunge. Dirisha lililoachwa upenyo mdogo kutwa nzima linapoza ukuta tu.

Ulizia pia stoo ya chini ya ardhi. Wapangaji wengi hupewa, nao huweka humo masanduku na baiskeli. Maji yakipanda, hapo ndipo yanapoingia kwanza. Vyeti usiviweke huko hata kwa usiku mmoja. Na bima ya kawaida ya vitu vya nyumbani Ujerumani hailipi hasara ya mafuriko; lazima uongeze kinga ya majanga ya asili, na kwa nyumba za karibu na mto kuipata kunaweza kuwa ghali au kugumu.

Kuhusu hela, uliza kama kodi uliyotajiwa ni Kaltmiete, yaani kodi tupu, au inajumuisha joto na maji. Amana kisheria haizidi miezi mitatu ya kodi tupu, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Usimtumie mtu hata senti kabla ya wewe, au mtu unayemwamini, kukiona chumba. Oktoba, muhula unapoanza, vyumba hugombaniwa sana na matapeli wanalijua hilo. Anza kutafuta mapema, na usidharau mitaa ya Grubweg au Haidenhof juu mlimani, maana basi lipo.

Siku ya kukabidhiwa ufunguo, piga picha kila doa na mwandikishiane hali ya chumba, pamoja na namba za mita. Kisha omba hati ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia. Bila hiyo ofisi ya wakazi haitakuandikisha, na muda wa kujiandikisha ni wiki mbili tu.