Mswada Wako Ndio Mtaala: Faida za Kujifunza Uandishi wa Kubuni kwa Mwalimu Binafsi

Mtu anayejifunza kuandika hadithi peke yake hukosa kitu kimoja ambacho vitabu vya mbinu haviwezi kumpa, nacho ni msomaji anayeelewa alichokusudia kuandika na anayeweza kumwonyesha, sentensi baada ya sentensi, mahali ambapo kusudio hilo halikufika kwenye karatasi. Nilivisoma vitabu hivyo kwa muda mrefu na bado ninavithamini, kwa kuwa ndivyo vilivyonifundisha maana ya msuko, taharuki, mandhari na nafsi ya usimulizi. Hata hivyo, kuzijua istilahi ni jambo moja, na kuona zinavyofanya kazi katika kurasa ulizoandika mwenyewe ni jambo jingine. Hilo la pili nililipata kwa mwalimu binafsi, na kwa sababu hiyo ninamshauri kila anayetaka kuandika kwa dhati aifikirie njia hiyo ikiwa ana uwezo nayo.

Darasani mwalimu hulazimika kufundisha yale yanayowafaa wengi: leo ni wahusika, kipindi kijacho ni mazungumzo ya wahusika, kisha miisho ya hadithi. Mpango huo ni wa haki, lakini huenda shida yako haimo katika mada yoyote iliyopangwa. Mwalimu binafsi huanzia kwenye ukurasa uliomletea. Wangu alikuwa akiusoma kabla hatujakutana, kisha tukikutana aliniomba niusome kwa sauti huku akiufuatilia kwa penseli, akiweka alama ndogo pembeni kila nilipojikwaa au kuharakisha. Hakuwa akisema neno mpaka nimalize. Mara nyingi swali lake la kwanza lilikuwa, “Ni nani anayeyaona haya?” Ikiwa hadithi inamfuata msichana aliyesimama nje ya mlango uliofungwa, msimulizi amejuaje kuwa juu ya meza ndani ya chumba kuna barua? Swali fupi kama hilo lilinifunza mengi kuhusu mtazamo wa usimulizi, kwa sababu liliulizwa juu ya msichana wangu na barua yangu.

Somo lililonifaa kuliko yote lilihusu mwendo wa masimulizi. Katika Kiswahili, kiambishi -ka- ndicho kinachoisukuma hadithi mbele: aliingia, akaketi, akaomba maji, akaanza kulia. Kila -ka- huleta tukio jipya linalofuata lililotangulia, na mwandishi aliyekizoea anaweza kupita mbio juu ya jambo lile lile ambalo msomaji alitamani kulitazama. Mwalimu wangu alinitaka nizungushie duara kila -ka- katika ukurasa mmoja, kisha nichague mahali pamoja tu pa kupunguza mwendo. Nikaandika kwamba mwanamke yule alikuwa ameketi, akiuzungusha ufunguo kidoleni, na maji aliyoyaomba hajayagusa. Mtu ni yule yule na chumba ni kile kile, ila sasa msomaji amepewa nafasi ya kukaa naye na kujiuliza ufunguo huo ni wa nini. Hakuniambia kwamba -ka- nyingi ni kosa, maana ngano nzima inaweza kusimuliwa kwa -ka- na ikapendeza sana. Alichotaka ni kwamba kila nikiitumia niwe nimeichagua. Sidhani kama ningelipata somo hilo mahali pengine, kwa sababu lilitokana na tabia ya kalamu yangu, na mwanafunzi mwingine angehitaji kuambiwa kitu tofauti kabisa.

Mafunzo ya namna hii yana historia ndefu. Katika miaka ya 1870, mwandishi wa riwaya Gustave Flaubert alimlea kiuandishi Guy de Maupassant, aliyekuja kuwa mwandishi wa hadithi na riwaya, huko Ufaransa. Katika dibaji aliyoiandika kwa riwaya yake ya mwaka 1888, Maupassant alieleza kwamba kwa miaka 7 alitunga mashairi, hadithi na hata tamthilia, na kwamba mwalimu wake aliyasoma yote, kisha akampa maoni yake wakati wa chakula cha mchana siku ya Jumapili. Zoezi mojawapo lilikuwa kumwelezea kwa maandishi muuza duka aliyeketi mlangoni pake kwa namna ambayo msomaji hawezi kumchanganya na muuza duka mwingine yeyote. Ninachokipenda katika habari hii ni subira ya pande zote mbili. Hadithi iliyompa Maupassant jina ilitoka mwaka 1880, baada ya kazi nyingi ambazo hazikuonekana na umma, na nyuma yake alikuwapo mtu aliyekuwa akimsoma muda wote huo.

Kusomwa na mtu yule yule kwa muda mrefu kuna thamani yake. Mwalimu anayekumbuka rasimu zako za mwanzo hutambua unapokua na unapojirudia, na mbele yake unaweza kuweka kurasa mbichi ambazo usingethubutu kuzisoma mbele ya kundi. Pia tarehe ya kukutana hukufanya umalize ulichoanza. Hilo la mwisho ni dogo, ingawa waandishi wengi wangelifurahia kuliko mengine yote.

Kuna hatari moja ninayoichukulia kwa uzito, nayo ni mwanafunzi kuishia kuandika kama mwalimu wake. Mwalimu mzuri ana ladha yake, na ladha hiyo huambukiza, hasa pale anapokuwa msomaji wako wa pekee. Kwa hiyo ninashauri kwamba baada ya muda umtafute pia msomaji mwingine asiyefahamiana naye, na kwamba tangu mwanzo ukubaliane na mwalimu wako kuwa aweke alama na kuuliza, ila kazi ya kusahihisha akuachie wewe. Mkubaliane pia idadi ya kurasa kwa kila kipindi. Kurasa chache zinazochambuliwa kwa kina zina faida kuliko sura nzima inayopitiwa juu juu. Msifanyie kazi mswada wako tu, bali kila mara mchukue ukurasa wa mwandishi mnayemheshimu na kuufumua pamoja, mkiangalia sentensi inaanzia wapi na kwa nini aya imeishia pale.

Kabla ya kujifunga kwa muda mrefu, mpe mwalimu unayemfikiria ukurasa mmoja na usubiri uone utakavyorudi. Ukirudi umeandikwa upya kwa sentensi zake, hata kama sentensi hizo ni nzuri kuliko zako, mshukuru na uendelee kutafuta. Ukirudi na maswali ambayo hukuwahi kujiuliza, panga naye siku ya kuanza.