Uzi hautoki hata ukiita pthread_cancel

Habari za kazi, mkuu. Nimekuelewa: seva yenu ya Linux hapo Kariakoo inaita pthread_cancel (funksheni ya kuomba uzi, yaani thread, ukatishwe), lakini uzi unabaki umekwama ndani ya funksheni mliyoandika wenyewe ya kusoma soketi (njia ya mawasiliano ya mtandao), na pthread_join, inayosubiri uzi umalize, hairudi.

Nashuku funksheni hiyo inaita syscall(SYS_read, ...), yaani inaiomba kerneli (kiini cha Linux) isome moja kwa moja. Kwenye glibc (maktaba ya C ya Linux), read() ni mahali ambapo uzi unaweza kukatishwa, syscall() siyo. Ombi lako limepokelewa, ila uzi umelala ndani ya kerneli na hakuna kinacholikagua ombi hilo. Rudisheni read() ya kawaida. Kuhakikisha, tumia strace -f -p na namba ya prosesi (inaonyesha miito kwa kerneli), halafu kwenye gdb, chombo cha kuchunguza programu, andika thread apply all bt, uone kila uzi umesimama wapi.

Tafadhali usiweke PTHREAD_CANCEL_ASYNCHRONOUS, inayoruhusu uzi ukatwe wakati wowote. Uzi ukikatwa katikati ya malloc (funksheni ya kuomba kumbukumbu), kufuli linaweza kubaki limefungwa na seva nzima ikaganda. Mkishika mutex (kufuli la kuzuia nyuzi zisigongane), wekeni pthread_cleanup_push ya kuifungua uzi ukikatishwa.

Mimi ningeachana na pthread_cancel kabisa: poll() isubiri soketi pamoja na eventfd (kipokezi cha ishara ndani ya Linux), ukitaka uzi utoke unaandika kwenye eventfd. Na kama humo zinapita pesa za wateja, jaribuni pembeni kwanza, tena mtafute mzoefu wa C aukague msimbo (code) kabla haujaenda hewani.