Waliogeuka hawakuwa maskini wa mwisho

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini wakati wa dhiki watu wengi hukimbilia vyama vya siasa kali. Najua wengi watajibu: njaa. Mimi naona njaa haitoshi, na nitaeleza kwa mfano wa Ujerumani.

Mei 1928 Wanazi, chama cha Adolf Hitler, walipata asilimia 2.6 tu ya kura. Septemba 1930 wakafika 18.3, na Julai 1932 wakapata 37.3, wakawa chama kikubwa kuliko vyote bungeni. Kati ya chaguzi hizo uchumi wa dunia ulianguka, na mwanzoni mwa 1932 Wajerumani wasio na kazi walikuwa kama milioni sita. Mtu atasema basi, hao ndio waliompandisha Hitler. Kumbe wengi wa waliofukuzwa viwandani waliwapigia kura Wakomunisti, au walibaki na chama chao cha zamani cha Kisoshalisti.

Tazameni Schleswig-Holstein, jimbo la wakulima kaskazini. Wanazi walipata huko asilimia 4 mwaka 1928, na Julai 1932 wakazoa 51. Watu hawa walikuwa na mashamba na ng'ombe wao. Ila bei ya mazao na mifugo ilishuka, madeni yakawaelemea, na mashamba ya majirani zao yakaanza kupigwa mnada. Walichoogopa ni kuporomoka. Vyama walivyozoea kuvichagua havikuwa na la kuwaambia. Wanazi walikuwa nalo: tangu 1930, chini ya Walther Darré, kiongozi wao wa mambo ya kilimo, waliingia kwenye vyama vya wakulima kijiji kwa kijiji, wakizungumzia bei na madeni, kisha wakiwaonyesha wa kumlaumu, yaani Myahudi. Uongo huo mbaya ulipata masikio kwa sababu aliyeuleta alifika mlangoni, na wengine hawakufika.

Wakatoliki nao walibanwa na uchumi uleule, lakini wengi wao walibaki na chama chao cha Zentrum, chenye mizizi parokiani na kwenye vyama vya wafanyakazi wa Kikatoliki. Hapo ndipo ninapoona jibu: hofu huleta wasikilizaji, na pengo lililoachwa na vyama vya kawaida ndilo huleta kura.

Serikali nayo ililipanua pengo hilo. Machi 1930 muungano wa vyama uliokuwa ukitawala ulivunjika kwa ugomvi wa michango ya bima ya wasio na kazi. Kansela mpya, yaani mkuu wa serikali, Heinrich Brüning, akatawala kwa amri za dharura za rais, akikata mishahara na kupandisha kodi huku bunge likipuuzwa.

Lakini tusimbebeshe mkulima lawama zote. Novemba 1932 kura za Wanazi zilishuka hadi asilimia 33.1. Walikuwa wanarudi nyuma! Aliyempa Hitler ukansela tarehe 30 Januari 1933 ni Rais Hindenburg, akishawishiwa na kansela wa zamani Franz von Papen na wakubwa wenzake walioamini kwamba wangemdhibiti. Hata Machi 1933, wapinzani wakiwa tayari wanakamatwa na kupigwa, Wanazi walipata asilimia 43.9 tu.