Kabla ya kuchagua kadi ya gemu, soma lebo ya pawa saplai

Wadogo zangu mnaoanza kukusanya vipuri vya kompyuta ya gemu, karibu wote mnakuja na swali moja kuhusu kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu: "Kwa hela hii nichukue kadi gani?" Swali si baya, ila limeruka foleni. Mwenye bajeti ya kubana hachaguliwi kadi na mfuko peke yake. Anachaguliwa na umeme pia: pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ina uwezo gani, ina nyaya zipi, na kasha linapokea kadi ya ukubwa gani. Ukianza na kadi, utajikuta unanunua vitu vingine viwili ambavyo hukuvipangia.

Njia iliyozoeleka kwetu ni kuchukua kompyuta ya ofisi iliyotumika, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizojaa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, kisha kuichomekea kadi. Ni njia nzuri, na mimi naitetea. Kwa mkupuo mmoja unapata mazabodi (ubao mkuu), prosesa (ubongo wa kompyuta), RAM (kumbukumbu ya muda) na kasha. Tena RAM imepanda bei vibaya tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vinapoelekeza chipu zake kwenye seva za akili mnemba, kwa hiyo boksi linalokuja na GB 16 ndani limeshakuokolea pesa.

Ila boksi hizo zilitengenezwa kwa ajili ya karani, si kwa ajili ya mcheza gemu. OptiPlex 9020 ya mnara mdogo inakuja na pawa saplai ya wati 290, bila waya wa kuchomeka kwenye kadi. Ile nyembamba inayoitwa SFF ina wati 255, na kadi ya kimo cha kawaida haiingii kabisa. Usidhani pia utang'oa pawa saplai na kuweka yoyote ile: mazabodi ya 9020 inapokea umeme kwa plagi ya pini 8 badala ya zile 24 za kawaida, na EliteDesk 800 G1 inatumia pini 6. Adapta zipo, lakini iwe mkononi kabla hujalipia pawa saplai mpya.

Kama hutaki kugusa pawa saplai, hesabu yako ni fupi. Sloti ya kadi kwenye mazabodi inatoa wati 75, basi. Tafuta kadi isiyozidi hapo na isiyo na tundu la waya wa umeme. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zipo za namna hiyo, lakini geuza kadi uitazame, maana kampuni nyingine ziliweka tundu la pini 6 kwenye GTX 1650 zao. Mwenye SFF atafute toleo la kimo kifupi, na ahakikishe lina bati lake fupi la nyuma. RX 6400 nayo inakula wati 53 tu na watu wanaisifia, ila inatumia njia nne tu za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na mazabodi, hivyo kwenye mashine za zamani inapoteza nguvu. Tena haina sehemu ya kurekodi video kwa chipu, kwa hiyo anayetaka kurusha mechi zake mtandaoni aiache.

Sasa tuje kwa wanaonunua pawa saplai. Hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea. Dukani utaonyeshwa pawa saplai imeandikwa 500W kwa herufi kubwa na bei yake tamu. Usilipe. Igeuze, soma jedwali dogo la ubavuni, tafuta mstari wa +12V, maana kadi na prosesa zinakula kutoka hapo. Tuseme imeandikwa ampea 20. Zidisha kwa volti 12, unapata wati 240. Hizo ndizo wati zako za kweli, zile 500 ni mapambo. Kadi ya RX 580 peke yake inakula kama wati 185, na prosesa ya i5-4590 imepangiwa 84. Jumla 269, umeshapita. Kompyuta itawaka vizuri, itafungua Windows, itacheza muziki, halafu itazima ghafla mechi ikinoga. Mtu analaumu gemu, anabadili draiva, anapiga Windows upya, na kosa lilikuwa limeandikwa ubavuni tangu siku ya kwanza. Bora ununue pawa saplai ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus (cheti cha kutopoteza umeme ovyo), hata kama ni ya wati 450, kuliko ya 700 isiyo na jina.

Baada ya umeme, kadi. Kadi nyingi zilizotumika zilipita kwenye mashamba ya kuchimba sarafu za mtandaoni, na Ethereum ilipoachana na uchimbaji Septemba 2022, nyingi zikamwagwa sokoni. Kadi ya mchimbaji si lazima iwe mbovu. Mara nyingi kinachochoka ni feni na pasta ya kupozea, na hivyo vinabadilishika. Tatizo kubwa zaidi ni kadi ya uongo. Zipo chipu za zamani kabisa zilizobadilishwa programu ya ndani zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Na ipo RX 580 iliyoandikwa 2048SP, ambayo si ya uongo, ila nguvu yake ni ya RX 570. Weka GPU-Z, programu ya bure inayoonyesha taarifa za kadi, kwenye fleshi, nenda nayo dukani, na uombe kadi ichomekwe mbele yako. Kadi feki nyingi GPU-Z inaziandika FAKE palepale. Kwa RX 580 angalia mstari wa Shaders: iliyokamilika ni 2304. Kisha iendeshe kwa mzigo kwa dakika 10 au 15, ukitazama joto na kusikiliza feni. Muuzaji akikataa, mshukuru na uhamie duka la jirani.

Prosesa isikuumize kichwa sana. Intel ya kizazi cha 4 ndiyo mwisho wa kushuka, kwa sababu za chini yake hazina AVX2, seti ya maagizo ya prosesa ambayo baadhi ya gemu mpya zinayadai. Ukiweza kufika kizazi cha 8, kwa mfano i5-8500 yenye kori 6, fika. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi hicho. Wachezaji wa Valorant ndio hasa wasikie, kwani kwenye Windows 11 gemu hiyo inataka TPM 2.0, chipu ya usalama ya kompyuta, iwe imewashwa.

Anayejenga kwa vipuri vipya na hela haitoshi kadi kwa sasa, achukue Ryzen 5 5600G. Ina grafiki ndani yake, utacheza gemu nyepesi huku ukidunduliza. Wekea RAM mbili za GB 8, si moja ya 16, kwa sababu grafiki hiyo inaazima RAM na vipande viwili vinaipa njia mbili. Zile prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i3-12100F, ni nzuri na rahisi, ila bila kadi skrini haitoi picha.

SSD, diski ya kuhifadhia isiyo na sehemu zinazozunguka, ni lazima, na isiwe ndogo kuliko GB 500. Gemu kubwa za leo nyingi zinapita GB 100, na bando tunalijua. Ukiwa na rafiki mwenye gemu ileile kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, nakili folda yake kwa hadidiski ya nje, kisha Steam ikague mafaili na kushusha yaliyopungua tu. Akaunti yako lazima iwe na gemu hiyo, lakini.

Taa za rangi ziacheni kwanza. Pesa hiyo nunua UPS, betri ya kuokoa kompyuta umeme ukikatika, na usome wati zake, si VA: ya 650VA kwa kawaida inabeba wati 360 hadi 390 hivi.

La mwisho ni skrini. Monita nyingi za bei rahisi zina tundu la VGA tu, ile plagi ya zamani ya picha, na kadi hizi nilizozitaja hazitoi VGA. Adapta ya HDMI kwenda VGA ni pesa ndogo, inunue siku hiyohiyo unayonunua kadi. Usichomeke monita kwenye VGA ya mazabodi kwa sababu tu picha inaonekana. Hapo unacheza kwa grafiki ya prosesa, na kadi uliyoitolea jasho imekaa bure.