Mwanangu, kuhusu chuo na ile kazi ya mitandao

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, kisha nikamsomea mama yako. Unasema yule bosi wa kufunga intaneti majumbani yuko tayari kukuchukua hata kesho, na barua ya DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ya stashahada ya uhandisi wa kompyuta nayo imetoka. Unauliza ushike lipi, maana unataka kuwa mtu wa mitandao na miaka mitatu ya darasani unaiona mirefu.

Nenda chuo.

Mimi niliingia kazini na cheti cha kidato cha nne. Nimepanda nguzo za simu miaka 18. Mwaka 2009, mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, kazini wakaanza kupeleka watu kusomea faiba, zile nyaya za kioo. Walichagua wenye stashahada. Mimi niliyewafundisha wengi wao kupanda nguzo nikabaki na waya wa shaba, mpaka shaba yenyewe ikakosa kazi. Iliniuma, na bado inaniuma.

Baadaye nikawa nafunga mitandao ya ofisi. Siku moja mtandao wa hoteli moja hapa Tanga uligoma wote. Taa za swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za kompyuta, zilikuwa zikiwaka na kuzima kwa pamoja, mbio mbio. Nikabadilisha waya huu na ule, nikabana vichwa vya waya upya kwa mpangilio wa rangi, chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Akaja binti wa chuo aliyekuwa fildi. Akazitazama zile taa, akasema, "Mzee, humu kuna kitanzi." Akafuata waya mmoja uliotoka kwenye swichi na kurudi kwenye swichi ileile, akauchomoa. Taa zikatulia.

Akanieleza kwamba ujumbe unaopelekwa kwa mashine zote ulikuwa ukizunguka humo na kujizidisha mpaka ukaziba njia. Dawa yake, spaningi trii, yaani utaratibu wa swichi kuifunga yenyewe njia inayojirudia, ilibuniwa na Radia Perlman mwaka 1985, ila swichi ile ya bei nafuu haikuwa nayo. Mwanangu, mikono yangu ilikuwa myepesi kuliko yake. Kinachopita ndani ya waya ndicho sikukijua, na juu ya nguzo hakuna aliyewahi kunifundisha.

Unasema CCNA, kile cheti cha mitandao cha Cisco, haidai digrii. Ni kweli. Lakini mtihani ni dola 300 za Marekani, na cheti hudumu miaka mitatu tu. Jiandae nao ukiwa chuoni. Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, ni ya bure, utaunganisha ruta kumi ndani ya kompyuta bila kununua hata moja.

Shangazi yako ameniambia kinachokusukuma hasa: ada ya wadogo zako. Huo ni mzigo wangu na mama yako, na tunauweza. Usiubebe.

Chuo kinafunguliwa Oktoba. Mpaka hapo fanya kazi kwa huyo bosi, ila mwambie mapema kuwa ni ya muda, asije akakupangia mambo ya mwakani. Usipande paa bila mkanda.

Koleo langu la kubania vichwa nimelifunga kwenye kanga ya mama yako, litakuja na basi la Ijumaa. Meno yake yamelika upande mmoja, kwa hiyo kila kichwa kibane mara mbili.

Baba yako