Vilengeo vya bunduki ya Marlin 336: weka cha tundu

Mkuu, kama ufa wa kilengeo cha nyuma umeanza kukutia ukungu machoni, usinunue kingine cha aina ileile. Chukua cha tundu, yaani chenye kitundu cha kuchungulia, kama vya kampuni za Williams au Skinner. Kwenye 336 nyingi matundu ya skrubu yapo tayari juu ya mwili wa bunduki; toa tu skrubu ndogo za kuzibia. Jicho lenyewe litatafuta katikati ya tundu, wewe kodolea cha mbele.

Sasa, wengi hunasa hapa: cha nyuma kikipanda, risasi nazo hupanda. Ikipiga sentimita 10 juu kwa mita 50, na vilengeo vimeachana sentimita 65, ongeza kimo cha kilengeo cha mbele kwa milimita 1.3. Piga kwanza, ndipo ununue cha mbele kilicho kirefu zaidi.